Tendegu la Nne
Hotuba juu ya kuchagua mbao za kiwandani kwa kazi ya kukereza, iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Eden Prairie, Minnesota

Najua kwamba harufu ya pilau imekwisha nitangulia masikioni mwenu, kwa hiyo nitajitahidi.

Barua ya Kamati ilinitaka niseme machache kuhusu urithi wetu. Neno hilo nililiona kubwa mno kwa mtu aliyetumia umri wake akitengeneza madirisha na ngazi za watu wengine. Basi nimeomba ruhusa nizungumze juu ya kitu kimoja kinachoshikika kwa mkono, nacho ni tendegu la kitanda.

Kitanda cha marehemu bibi yetu mnakijua. Kilitengenezwa Lamu na babu yetu, ambaye kazi yake ilikuwa kukereza. Wajukuu waliozaliwa huku huenda hawalijui neno hilo. Kukereza ni kukizungusha kipande cha mti huku patasi ikikichonga hata kikawa mviringo. Babu hakuwa na mota. Aliketi chini, mkono mmoja ukivuta na kusukuma uta ambao kamba yake ilikuwa imeuzunguka mti, mkono wa pili ukishika patasi, na kidole gumba cha mguu kikiituliza patasi hiyo isiruke. Mti ulikwenda na kurudi. Patasi ilikata ulipokwenda, na uliporudi aliiondoa kidogo. Kwa namna hiyo alikereza matendegu manne yenye shingo, vikombe na pete, kisha akazitia pete rangi nyekundu na nyeusi. Kitanda kililetwa Minnesota kikiwa kimefunguliwa: matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili na furushi la ukambaa.

Katika majira ya baridi ya tatu, usiku mmoja wa Januari, tulisikia mlio mkali kama wa fataki. Asubuhi tuliona tendegu moja, la upande wa miguuni, limepasuka kutoka kwenye tundu la mfumbati hadi shingoni. Walikuwapo waliosema ni kijicho cha watu. Mimi nilitazama kipimo cha unyevu ukutani, nikaona kimeshuka hadi asilimia 20.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mti hunywa maji kutoka hewani na kuyatoa tena maisha yake yote, hata ukiwa umekatwa miaka 100 iliyopita. Katika hewa ya pwani yetu, ambayo unyevu wake mara nyingi ni asilimia 75 au zaidi, mbao hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu. Katika nyumba ya Eden Prairie iliyopashwa moto wakati wa baridi, mbao hiyo hiyo hushuka hadi asilimia 5 hivi. Inapokauka husinyaa, lakini haisinyai sawasawa: kwa urefu wa nyuzi zake haipungui kiasi cha kuonekana, ila kwa upana hupungua sana. Tendegu nene lililotobolewa matundu na kukazwa na mifumbati halina pa kusinyaa kwa amani, nalo hupasuka.

Tulijaribu kulitia gundi na kulikaza kwa jiliwa. Baridi iliyofuata likafunguka tena palepale, na kibanzi cha ukingo wa tundu kikapotea. Baraza la familia likaamua kwamba lile la zamani lihifadhiwe, na likerezwe jipya la kulibeba kitanda. Swali likawa: likerezwe kwa mbao gani? Ndugu mmoja alipendekeza tuagize mpingo. Nilimjibu kwa adabu kwamba mpingo ni mti wa zumari na vinyago, wala babu hakuutumia kwa matendegu. Isitoshe, tangu Januari 2017 jamii yote ya mti huo imo katika orodha ya mkataba wa CITES, na gogo lake halivuki mpaka bila hati. Vijana wakasema: kwa nini tusitumie mbao za kiwandani, ambazo husifiwa kwamba hazisinyai wala hazipindi? Wana haki kuuliza. Tatizo ni kwamba "mbao za kiwandani" ni jina moja la vitu vingi visivyofanana, na kwenye mashine ya kukerezea tofauti zao hujitokeza kwa ghafula na kwa hatari.

Nitasimulia kosa langu mwenyewe. Mpwa wangu, aliyenunua mashine iliyotumika na kuiweka katika gereji, alinijia na vipande vya MDF, ile mbao laini ya kahawia inayotengenezwa kwa unga wa nyuzi za miti uliochanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Aliniambia, "Mjomba, hii haina nyuzi za upande wowote, basi haiwezi kupasuka." Hoja ilikuwa nzuri, nami badala ya kumkanya nikamsifu. Alikata miraba mingi, akaigundisha mmoja juu ya mwingine kama chapati zilizopangwa sahanini, akapata nguzo nzuri ya kutazama. Alikereza kikombe cha chini, akakereza pete. Alipofika shingoni na kuipunguza hadi milimita 35, patasi ilinasa. Nguzo ilikatika pale shingoni, na nusu yake ikapita karibu na sikio lake ikaupiga mlango wa gereji. Kibonyeo kipo hadi leo. Kijana alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea tu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikinywa chai.

Nililala vibaya usiku ule. Kesho yake tulivichunguza vipande tukaelewa. MDF kweli haipasuki kama mti, kwa sababu haina nyuzi ndefu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haina kitu kirefu cha kuishikilia. Nyuzi zake fupi zimelala kitakotako, tabaka juu ya tabaka, na ukiivuta mbali na uso wake huachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Sisi tulikuwa tumeipanga ili uvutano wote wa shingo uangukie upande wake dhaifu kuliko yote. Skrubu nazo hazishiki vizuri katika ukingo wake. Siitupi kabisa: ni nzuri kwa violezo, na kwa sahani ya kushikizia bakuli wakati wa kumalizia kitako chake, maana imenyooka na haichezi. Ila isipewe kazi ya kubeba mtu aliyelala. Kuhusu chipubodi, na zile mbao za vibanzi vikubwa zinazofunika kuta za nyumba zinapojengwa, nasema neno moja: msizifunge kwenye mashine. Vibanzi vyake hunyofoka na kurushwa.

Sasa nije kwenye plaiwudi, ambayo naipenda. Vijana, je, mnajua kwamba plaiwudi yenyewe huzaliwa kwenye mashine ya kukerezea? Gogo zima huzungushwa mbele ya kisu kirefu, nalo huchubuka kuwa utando mmoja mrefu usiokatika, kama mtu anavyomenya chungwa kwa ufundi. Tando hizo hukatwa na kugundishwa, nyuzi za kila moja zikikingama na za mwenziwe. Kukingama huko ndiko kunakoizuia isisinyae: kila tabaka humkataza jirani yake. Kwa hiyo katika nyumba kavu za Minnesota bakuli la plaiwudi hubaki mviringo, hali bakuli la mti mzima hugeuka yai.

Lakini plaiwudi nazo zina nasaba. Ile ya kawaida ya dukani yenye unene wa milimita 18 huwa na tabaka 5 au 7, na ndani yake mara nyingi mna mapengo ambapo utando haukufika. Pengo hilo hulioni mpaka patasi ilifikie, na patasi ikilifikia hunasa. Ile ya birchi, mti mweupe wa nchi za kaskazini, inayotoka pande za Baltiki, kwa unene huo huo huwa na tabaka 13, zote za birchi, na mapengo ni machache. Kwa desturi huuzwa kwa karatasi za mraba za milimita 1525, jambo linalowashangaza wenye magari madogo. Bei yake ilipanda sana baada ya mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoleta vikwazo na ushuru mkubwa juu ya birchi ya Urusi. Pamoja na hayo, kwa kukereza nashauri mtu anunue kipande kidogo cha hiyo kuliko karatasi nzima ya ile nyingine. Kabla ya kulipa, auzungukie ukingo wote kwa jicho; penye tundu upande wa nje hapakosi tundu ndani.

Uzuri wake ni mistari. Ukikereza bakuli la plaiwudi, kila mteremko hufichua tabaka, jeusi na jeupe, nyembamba na pana, kama milia ya mkeka. Njia nyepesi kwa anayeanza ni kukata pete kadhaa kutoka ubao mmoja kwa msumeno uliolazwa nyuzi 45 hivi, kisha kuzipandisha pete juu ya nyingine, kubwa juu, ndogo chini. Ubao mmoja ukatoa bakuli, na taka ikawa haba. Shangazi zetu wawili wana mabakuli ya namna hiyo mezani leo, yenye tende. Mtakapoyamaliza, yageuzeni muone.

Patasi iwe kali, na inolewe mara kwa mara, maana gundi iliyokauka hula makali kuliko mti. Msasa upitishwe kwa mkono mwepesi: tabaka zinazoonyesha ncha za nyuzi na zile zinazoonyesha ubavu hazilainiki kwa kasi moja, na anayekandamiza hupata mawimbi. Jambo jingine ambalo hakuna aliyenifundisha, nililigundua kwa hasara: ncha kali ya mashine inayoushika mti upande wa kulia ni kabari. Ukiielekeza katikati ya mstari wa gundi, itaupanua mstari huo polepole huku wewe ukifurahia kazi. Tumieni ncha ya duara, yenye ukingo kama kikombe, inayokumbatia badala ya kuchoma.

Je, plaiwudi ifae kwa tendegu? Hapa niliwaudhi vijana, na naomba radhi, lakini jibu langu ni hapana. Ikipangwa kama chapati, nyuzi zote zimelala kukingama na urefu wa tendegu, na shingo hushikwa na gundi peke yake. Ikisimamishwa kwa urefu ni afadhali, ila karibu nusu ya tabaka bado zimekingama, nazo hazisaidii mzigo unapoyumba. Na kitanda huyumba. Mtoto akiruka juu yake, au mtu mzima akiegemea kitakizo akivaa viatu, nguvu huja kwa ubavu, na shingo ndiyo hulipa.

Ipo mbao ya kiwandani iliyo jibu la hoja hiyo. Ni boriti za tando zilizogundishwa nyuzi zote zikielekea upande mmoja, ambazo mafundi wa hapa huziita LVL. Bila shaka zimo katika nyumba zenu, zimebeba sakafu au mwango wa mlango wa gereji. Kwa urefu wake zina nguvu ya kuaminika kuliko ubao wa kawaida, kwa kuwa kasoro ya utando mmoja, kama fundo, hufunikwa na wenzake. Nilikereza kipande cha mabaki ya boriti kama hiyo. Nguvu ilikuwapo; adabu haikuwapo. Aghalabu ni ya misonobari au miti ya jamii yake, tando zake ni nene kama milimita 3, zina nyufa ndogo zilizotokana na kisu cha kuchubua, na pete nyembamba za tendegu zilimomonyoka moja baada ya nyingine. Kwa mguu wa meza ya kazi, wenye umbo la wazi, itafaa sana. Kwa mkono wa babu, la.

Ndipo tukafikia uamuzi ambao nadhani ungempendeza: tuiunde mbao wenyewe, kwa kanuni ya kiwanda lakini kwa mti tuutakao. Na mti ulikuwa umelala kando ya barabara. Mwaka 2009, huko Saint Paul, aligunduliwa kwa mara ya kwanza katika jimbo hili mdudu wa kijani cha zumaridi, mzawa wa Asia, ambaye mabuu yake hula chini ya maganda ya mti wa ashi mpaka mti ukafa. Minnesota inakisiwa kuwa na miti ya ashi takriban bilioni moja, na katika vitongoji vyetu imekuwa ikikatwa safu kwa safu. Mtu asije akapakia gogo lenye maganda na kulipeleka kaunti ya mbali, maana humpa mdudu lifti, na sheria inakataza. Sisi tuliomba gogo la mtaani kwetu, tukalipasua na kulikausha.

Ashi ina nyuzi ndefu na nguvu ya kuhimili kuyumba. Mipini ya majembe ya hapa hutengenezwa kwayo. Mbao zilirandwa hadi milimita 18, zikakaa ndani ya nyumba wiki sita zikizoea hewa, kisha tano zikagundishwa kwa urefu, nyuzi zote zikielekea juu, ila mapinde ya pete za umri yakigeuzwa kwa zamu ili moja likitaka kujikunja lizuiwe na jirani. Mraba wa milimita 90 ukapatikana. Mbao nyembamba hukauka mpaka ndani; nguzo nene ya mti mzima hukauka nje tu, ikabaki na maji moyoni mwake, na humo ndimo nyufa hulelewa. Hiyo ndiyo faida ya kuunda, hata pasipo kiwanda.

Gundi yetu ilikuwa ile ya kawaida ya maseremala, ya manjano, inayosafishika kwa maji. Angalizo kwa wenye magereji yasiyopashwa moto: gundi hiyo ikitumiwa kwenye baridi chini ya nyuzi 10 hivi za sentigredi hubaki chaki, haishiki, na huwezi kulijua hilo kwa kutazama. Utalijua mbao zikiwa zinazunguka. Gundisheni jikoni, hata kama mwenye jiko atanung'unika.

Nimelibakiza jambo la vumbi, na hapa nasema na wazazi. Huku kwa miezi mitano mlango wa gereji haufunguliwi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995, na mwaka 2004 likaiweka formaldehidi, ambayo imo katika gundi za plaiwudi na MDF nyingi. Marekani ilitunga sheria ya kupunguza hewa hiyo mwaka 2010, na masharti yake yakaanza kutumika mwaka 2018: plaiwudi ya mbao ngumu isizidi sehemu 0.05 katika milioni, na MDF isizidi 0.11. Tazameni mhuri wa TSCA Title VI kabla ya kununua, na mabaki ya zamani yasiyo na mhuri msiyakereze. Lakini mhuri unahusu ubao uliotulia ukutani. Hauhusu ubao uliosagwa kuwa ukungu mbele ya pua yako. Barakoa nzuri, ngao ya uso mzima, na chombo cha kunyonya vumbi si anasa. Shangazi yetu mwenye pumu aliishi juu ya gereji ile majira yote ya MDF, na kikohozi chake hatukukihusisha na lolote mpaka tulipoacha.

Wanaotaka kujifunza vizuri kuliko ninavyoweza kufundisha, wajue kwamba chama cha wakereza wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1986, kina makao yake hapa karibu, Saint Paul, katika jengo la kale la Landmark Center, pamoja na ukumbi wa maonyesho. Nilimpeleka mpwa wangu. Alisimama mbele ya chombo kimoja kwa nusu saa bila kuigusa simu yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nguzo ya ashi iko pale mezani kando ya mlango, bado mraba, pamoja na tendegu lililopasuka. Naomba mkipita kwenda kunawa mikono mviguse vyote viwili. Kesho baada ya chakula cha mchana tutaikereza gerejini, kwa mwendo wa polepole, na ngao za uso zipo nne. Wazee wameuliza kama mistari ya gundi itaonekana. Itaonekana, hafifu, chini ya pete nyekundu na nyeusi, kwa atakayepiga magoti na kutazama. Na kuhusu yale matendegu matatu ya babu yaliyobaki, mashine ya kutia unyevu imewekwa chumbani, kipimo kinasoma asilimia 38, na dada yangu ndiye mwenye zamu ya kujaza maji.

Pilau ipakuliwe.